Mkazo, Shadda na Shida: Kuisoma Matini ya André Yav kutoka Bukama

Vitabu vingi vya sarufi ya Kiswahili hulimaliza suala la mkazo kwa sentensi moja: mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Baada ya hapo hutolewa mfano wa barabara, ambayo mkazo wake ukiwa kwenye silabi ya tatu ni njia ya kupita magari, na ukiwa kwenye silabi ya pili ni sawasawa au vizuri kabisa. Huongezwa maneno machache ya asili ya Kiarabu yanayosumbua, kama vile lazima, kisha mwandishi huhamia kwenye kiimbo. Makala haya hayakusudii kuikanusha kanuni hiyo, kwa kuwa kwa sehemu kubwa ni sahihi. Yanakusudia kuonyesha kwamba kanuni hiyo, ikifundishwa peke yake, humfanya mwanafunzi adhani kuwa mkazo wa Kiswahili ni jambo la mdomo tu, lisilohusu anayesema wala hali aliyo nayo anaposema. Matini itakayotumiwa ni ile ya André Yav, iliyoandikwa mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na kuchapishwa mwaka 1990 na Johannes Fabian katika kitabu chake History from Below.

Ni vema kuanza na neno lenyewe. Wanaisimu wa Kiswahili wanayo majina mawili ya dhana hii. Wengi, hasa waliosomea Dar es Salaam, husema mkazo. Wengine husema shadda au shada. Jina hili la pili lina historia ya ajabu kidogo. Katika Kiarabu shadda ni alama inayowekwa juu ya konsonanti ili isomwe mara mbili. Haihusiani na mkazo wa silabi, ambao Waarabu wenyewe huuita nabr. Waswahili walilichukua jina la alama wakalipa kazi nyingine. Hata hivyo kosa hili, kama ni kosa, limeleta faida ambayo haikukusudiwa, kwani mzizi wa shadda ndio huohuo uliotupa neno shida. Kufunga kwa nguvu, kubana, ugumu, dhiki: yote haya yamo katika mzizi mmoja wa konsonanti tatu. Kwa hiyo anayesema shadda darasani na shida sokoni anatamka, bila kujua, ndugu wawili wa tumbo moja. Kiingereza nacho kimefanya vivyo hivyo: neno lake la mkazo wa sauti lina undugu na neno la dhiki, na ndilo alilolipa umaarufu daktari Hans Selye, ambaye mwaka 1936 alichapisha maelezo yake ya namna mwili unavyoitikia madhara ya kila aina, na baadaye, mwaka 1956, akaandika kitabu kizima juu ya dhana hiyo.

Neno mkazo limefuata njia nyingine. Shina lake ni kaza. Mtu hukaza kamba, hukaza mwendo, hukaza macho. Katika dhiki hujikaza, na anayefiwa huambiwa akaze moyo. Basi katika Kiswahili kaza ni kitendo cha yule anayebeba mzigo, si cha mzigo wenyewe. Mzigo una vitenzi vyake: husonga, hubana, hulemea, hushinikiza. Pale wafasiri wa elimu ya nafsi walipotafuta neno la kuisema hali ile aliyoieleza Selye, wengine walisema mkazo wa akili, lakini lililoshinda ni msongo wa mawazo, na waganga nao walilichukua shinikizo, ambalo awali ni chombo cha kukamulia mafuta, wakalipeleka kwenye damu. Mtu wa kawaida, asiyejali kamati za istilahi, alikuwa ameshaitenganisha dhana hiyo mara mbili: kinachomsonga kutoka nje, na anachokikaza kutoka ndani. Tofauti hii ndiyo itakayotumika kuisomea matini ya Yav.

Kwa nini Bukama? Mji huu mdogo ulio kando ya mto Lualaba, ambao leo ni makao ya wilaya katika jimbo la Haut-Lomami, ni mahali ambapo suala la mkazo linaonekana waziwazi kuliko Unguja au Mombasa. Reli kutoka kusini ilifika hapo mwaka 1918. Kuanzia hapo abiria na mizigo walihamia kwenye meli za mtoni zilizoteremka kuelekea kaskazini, kupitia nchi ya maziwa ya Upemba na Kisale. Mwaka 1928 reli ikavuka hadi Port-Francqui, yaani Ilebo, katika Kasai, na Bukama ikawa kituo cha njiani kati ya migodi na nchi zilizotoa watu wa kufanya kazi migodini. Wenyeji wake ni Waluba, na Kiluba, kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu, ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti juu ya silabi ni sehemu ya neno, kama zilivyo irabu na konsonanti. Kiswahili ni miongoni mwa lugha chache za Kibantu zilizopoteza toni ya aina hiyo na kubaki na mkazo. Kijana wa Bukama aliyepanda gari la moshi kwenda kutafuta kazi Elisabethville alitoka katika lugha ambayo kila silabi ina haki yake ya sauti, akaingia katika lugha ambayo silabi moja tu ya neno ndiyo inayotukuzwa.

Wengi waliolisikia tokeo la safari hiyo wameliita Kiswahili kibovu. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Chukua neno mtu. Pwani neno hili lina silabi mbili, na mkazo huiangukia m, ambayo ni silabi ingawa si irabu. Katanga husemwa muntu. Mkazo uko palepale, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ila sasa umepata irabu ya kukalia. Vivyo hivyo mtoto na mutoto: mkazo wa yote mawili uko kwenye to ya kwanza. Msemaji wa Katanga hajaivunja kanuni. Ameihifadhi na kuipa mwili ulio mzito zaidi. Ambaye hasikii hili, na badala yake akasikia tu kwamba h imeanguka katika hapana na kwamba wa- imekuwa ba-, anasikiliza pembeni ya neno na kuliacha katikati yake.

Jambo la kuvutia zaidi linahusu amri. Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, amechambua miongozo na vijitabu vya maneno walivyoandikiwa Wabelgiji wa Katanga ili waweze kusema na wafanyakazi wao, na ameonyesha jinsi vilivyotawaliwa na amri. Leta, ondoa, ngoja, fagia. Ni Kiswahili cha mtu mmoja kusema na mwingine kutii. Sasa amri ya vitenzi vya silabi mbili, kama leta na ngoja, ni fupi, na kwa sababu ni fupi mkazo wake huwa kwenye silabi ya kwanza, mahali unapogonga kwa nguvu zaidi: le katika leta. Kiswahili cha Katanga, pamoja na lahaja nyingine za Kongo ya mashariki, kina kijineno -ko kinachopachikwa mwishoni ili kulainisha ombi. Letako maji. Kikihesabiwa kuwa silabi ya neno, kama sikio linavyotaka, mkazo huhama kutoka le kwenda ta. Silabi iliyokuwa ikipigwa kama nyundo inaachwa, na sauti inaangukia mbele, kwa upole. Hapa kuhama kwa mkazo na kuhama kwa uhusiano kati ya watu wawili ni tukio moja. Mswahili wa pwani hupata karibu matokeo hayohayo kwa njia ya tafadhali au kwa kutumia dhamira tegemezi, niletee, uniletee. Lakini hakuna mahali ambapo kazi hiyo imekabidhiwa silabi moja ndogo kama ilivyo katika Kiswahili ambacho mabwana walidhani ni cha amri tu.

Kuna na njo. Kiswahili sanifu kina ndiye, ndiyo, ndicho, ndipo na wenzao, wote wakifuata ngeli. Katanga imechukua mmoja tu, ikamtamka njo, ikamwacha abebe mzigo wa wote. Yeye ndiye aliyeleta. Ye njo alileta. Mwalimu wa sarufi huona hapa upungufu wa upatanisho wa ngeli. Lakini tuseme kweli: upatanisho katika ndi- ni pambo, kwani nomino inayorejelewa imeshatajwa. Kazi ya neno ni msisitizo, na njo imeshika msisitizo ikaacha pambo. Ni mkazo uliogeuzwa kuwa neno. Lugha ya toni haimruhusu msemaji wake kupandisha sauti popote atakapo kwa ajili ya kusisitiza, kwa sababu upandishaji huo tayari una kazi; hivyo yafaa kukisia kwamba watu waliozoea Kiluba na lugha jirani walipendelea kusisitiza kwa neno linalosimama peke yake kuliko kusisitiza kwa koo. Hili linabaki kuwa kisio, na linahitaji kupimwa.

Tukija kwenye matini ya Yav tunakuta tatizo ambalo wahariri wengi wa Kiswahili hawajapata kukutana nalo. Maandishi yalipigwa taipu na mtu ambaye hakufundishwa kanuni yoyote ya tahajia ya Kiswahili. Maneno yamegawanywa mahali pasipotarajiwa au hayakugawanywa kabisa, na vituo ni haba. Ukiyasoma kwa macho, yanakuwa ukuta. Fabian alifanya jambo la busara: alimtafuta msemaji wa lugha hiyo, Kalundi Mango, ayasome kwa sauti; kisha usomaji huo ukaandikwa, na ndio uliofasiriwa kwa Kiingereza. Walter Schicho aliongeza maelezo ya kiisimu. Kitabu kizima kimesimama juu ya tendo hilo moja la kurudisha maandishi mdomoni.

Yafaa kuuliza ni nini hasa alichokifanya Kalundi Mango. Jibu la kawaida ni kwamba alitambua maneno. Lakini aliyatambuaje? N. S. Trubetzkoy, katika kitabu chake cha fonolojia kilichotoka mwaka 1939, alieleza kwamba katika lugha ambazo mkazo una mahali maalumu, kazi yake si kutofautisha maana bali ni kuonyesha mipaka ya maneno. Kiswahili ni mfano mzuri wa jambo hilo. Ukisikia silabi iliyokazwa, unajua kwamba imebaki silabi moja tu neno liishe. Basi msomaji anayekabiliwa na mfululizo wa herufi usio na nafasi huweka mkazo, na kwa kuuweka hukata maneno. Mkazo, ambao sarufi zimeufanya kuwa sentensi moja ya utangulizi, ndio uliokuwa ufunguo wa matini yote.

Hapa ndipo toleo la 1990, pamoja na heshima yote linayostahili, linapomwacha msomaji katikati ya njia. Sauti ilipokwisha kufanya kazi yake ilirudishwa kwenye karatasi ikapewa nafasi na vituo. Mkazo wenyewe ukaachwa mlangoni. Kwa maneno yaliyo mengi hakuna hasara, kwa kuwa kanuni inajulikana. Hasara iko pale ambapo msomaji wa sauti alikuwa na hiari: je, -ko ilisomwa kama sehemu ya neno, na hivyo kuuhamisha mkazo, au kama kijineno kilichojitenga? Je, njo ilitamkwa kwa nguvu au ilipita kama ni ya kawaida? Silabi zipi zilivutwa? Waswahili wote, wa pwani na wa bara, wanajua kwamba zamani ikivutwa si zamani ileile. Katika simulizi ya mateso mvuto huo ni nusu ya habari. Tafsiri ya Kiingereza inayosimama mkabala na matini inalazimika kuchagua kwa kila njo kama itaifanya kuwa kiungo tu au kuwa msisitizo, na msomaji hana njia ya kuukagua uchaguzi huo.

Si suala dogo la uhariri. Matini ya Yav inasimulia historia ya Katanga kama ilivyoonekana na waliopika, waliofua na waliolea watoto wa watu wengine. Inaitwa msamiati, jina lilelile la vijitabu vya amri walivyobeba mabwana mfukoni, nayo si orodha ya maneno bali ni orodha ya mambo waliyotendwa watu. Mwandishi na chama chake hawakujifanya wanahistoria. Waliandika wakiwa wazee, miaka mitano baada ya uhuru, baada ya Katanga kujitenga na kurudishwa, baada ya vita vilivyoichoma nchi ya Waluba wa kaskazini ya Katanga kati ya 1960 na 1961. Mtu anaposimulia mambo kama hayo, mahali anapokaza sauti ni ushahidi. Mahakama ingeuliza, hakuna sababu ya mhakiki kutouliza.

Isomwe basi matini hiyo kwa tofauti iliyotajwa mwanzoni, kati ya kusonga na kukaza. Mhakiki anayekuja nayo akiwa na dhana ya Selye pekee ataona humo orodha ya misongo: kazi isiyo na saa, matusi, malipo madogo, kufukuzwa. Yote yamo. Lakini atapitwa na sehemu ya pili. Yav haandiki kama mtu aliyesongwa hadi akanyamaza. Anaandika kama shahidi anayejikaza, anayerudia jambo mpaka liingie, anayetaja majina ya mabwana waliokuwapo na majina waliyopewa na watu. Kurudiarudia kwake, ambako msomaji aliyelelewa na shule atakuita udhaifu wa mtindo, ni mkazo kwa kipimo cha aya. Kama vile lugha yake inavyosisitiza kwa neno njo badala ya kusisitiza kwa koo, ndivyo simulizi yake inavyosisitiza kwa kurejea badala ya kwa makelele. Haiombi huruma. Kwa hakika ni matini isiyo na machozi mengi, na baadhi ya wahakiki wanaotafuta sauti ya mnyonge wanaweza kuondoka wamekata tamaa.

Liko jambo jingine kuhusu neno mawazo ambalo watunga istilahi wangefaa kulifikiria. Msongo wa mawazo ni istilahi nzuri Dodoma au Nairobi, mahali ambapo mtu mwenye mawazo ni mtu mwenye wasiwasi. Katanga nako mawazo mengi humkosesha mtu usingizi. Lakini neno hilo lina maisha ya pili huko. Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyeishi miaka mingi kati ya Waluba wa Katanga na kuandika Falsafa ya Kibantu iliyotoka mwaka 1945, alianzisha Kolwezi katika miaka ya 1950 kundi la waumini lililoitwa Jamaa. Mafundisho ya Jamaa yalitolewa kwa Kiswahili, na nguzo zake zilikuwa uzima, uzazi na mapendo. Katika mafundisho hayo mawazo lilikuwa neno la heshima: ni yale ambayo watu hupeana, ambayo mume na mke, na wao pamoja na padri, hukutana ndani yake. Kwa mtu aliyekulia katika Kiswahili hicho, kusema kwamba mawazo yanamsonga ni kukilaumu kitu kisicho na hatia. Kinachomsonga ni kuyakosa mawazo ya wenzake. Daktari au mshauri atakayekwenda na istilahi ya pwani kuwahoji waliokimbia vita vya kaskazini ya Katanga ataandika katika fomu yake kitu ambacho hakikusemwa.

Hayo yanaturudisha darasani. Mwanafunzi anayetoka Bukama au Kamina akafika penye Kiswahili kinachoitwa bora hupata onyo lake la kwanza siku ya kwanza: si njo, ni ndiye, si muntu, ni mtu. Husahihishwa, naye hutii, kwani amekuja kutafuta shahada. Haelezwi kwamba mkazo wake ulikuwa mahali pake. Haelezwi kwamba -ko yake inafanya kazi ambayo vitabu vya sarufi havijaiandikia sura. Matokeo yanajulikana kwa kila aliyefundisha: mwanafunzi aliyekuwa msemaji hodari katika treni na sokoni anakuwa mzito wa ulimi mbele ya mwalimu, akiipima kila silabi kabla ya kuitoa. Hali hiyo wanaisimu huiita kujisahihisha kupita kiasi na waganga wangeiita msongo. E. O. Ashton, ambaye sarufi yake ya mwaka 1944 iliweka kiimbo hadi kwenye jalada, aliwasikiliza wasemaji wake kwa makini kuliko wanavyosikilizwa wanafunzi hawa.

Kazi ya kufanya haihitaji fedha nyingi. Wapatikane wasomaji kadhaa wa Kiswahili cha Katanga, wengine waliozaliwa mjini Lubumbashi na wengine waliokulia katika Kiluba kando ya Lualaba. Wapewe maandishi ya Yav kama yalivyopigwa taipu, bila nafasi zilizotiwa na mhariri. Wayasome kwa sauti. Na kila usomaji uwekewe alama za mkazo. Pale watakapokubaliana, mpaka wa neno utakuwa umethibitika. Pale watakapotofautiana, hasa kwenye -ko na njo, ndipo pa kuwauliza walikuwa wakimsikia nani anasema, mtumishi au bwana.